Mashine Iliyoitwa Ofisini

Machi 17

Naomba radhi kwa kuinyamazia shajara hii tangu Septemba. Haukuwa uvivu. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho langu la kulia, na la kushoto lilikuwa limechoka kufanya kazi ya mawili. Nilipasuliwa Januari, na sasa naliona hata vumbi lililo juu ya kabati. Gharama ililipwa na Kikundi cha Chaki. Nitaanza kwa kukieleza kikundi hicho, kwa kuwa mengi nitakayoyaandika msimu huu yatakihusu.

Tuko saba, sote walimu wastaafu wa hapa Nakuru, na mimi ndiye mwenyekiti. Tulipokuwa kazini tulichanga kila mwezi na kununua hisa: za benki, za kampuni ya simu, za kampuni ya majani chai. Hatujawahi kuuza hata moja. Gawio linapoingia, linamtibu aliye mgonjwa zaidi. Safari hii lilikuwa jicho langu. Anayefuata ni Eucabeth, mweka hazina wetu, ambaye siku hizi hushuka ngazi kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutembea. Daktari amesema magoti yote mawili yabadilishwe. Gawio la mwaka mmoja halitoshi hata goti moja.

Jana mjukuu wangu Chelangat, binti wa mwanangu Weldon wa Keringet, aliwasili hapa na begi moja na kompyuta mbili. Ameacha kazi kwa dalali wa hisa Nairobi. Nilimuuliza sababu.

"Agui, kule walikuwa wanataka nifanye ripoti zikae poa kwa macho ya client. Nikachoka."

Agui ni babu kwa Kikipsigis. Kwa hiyo sentensi yake ilikuwa na lugha tatu na lahaja ya vijana juu yake, nami nilimwambia hivyo. Alicheka, akauliza kama kuna chai.

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri.

Machi 21

Mvua. Chelangat huosha viatu kila jioni na kuvichafua kila asubuhi.

Machi 29

Leo Chelangat alisimama mbele ya kikundi. Kikundi hukutana katika chumba kilicho nyuma ya kanisa kule Kaptembwo, ambako kodi ni nafuu na wachuuzi wa mitumba hutusaidia kuongea kupitia dirisha.

Alieleza kwamba ametengeneza programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Haiambii mashine kanuni moja moja. Anaipa bei za hisa za miaka mingi pamoja na habari za kampuni hizo, nayo inajifunza yenyewe mienendo inayojirudia. Kisha kila siku soko linapofunguliwa, inaamua yenyewe: kununua, kuuza, au kutulia.

"Python si ni chatu?" aliuliza Bi Umaima. Umaima alifundisha Kiswahili kama mimi, na kwa kuwa wazee wake walitoka Lamu, huniona mwanafunzi hadi leo. "Mwataka tumkabidhi chatu mifugo yetu?"

"Ni jina tu, Bi Umaima. Haiumi."

"Chatu haumi, mwanangu. Humeza."

Chumba kizima kilicheka, na Chelangat akacheka kuliko wote. Ndipo Muiruri, katibu wetu, aliponyanyua mkono. Muiruri alifundisha hisabati na kusahihisha mitihani ya taifa mpaka alipostaafu.

"Hiyo mashine inajuaje bei ya kesho?"

"Haijui, Mwalimu. Inakisia. Na itakosea mara nyingi. Mimi nataka tu ikosee kidogo kuliko mtu anayebahatisha, na ikikosea isituumize sana."

Nililipenda jibu hilo, lakini sikulisifu. Kijana akisifiwa mapema huacha kufikiri.

Alikuwa na ombi. Mashine husoma habari za Kiingereza vizuri, lakini habari za chai na maziwa hutangulia kusikika kwa Kiswahili, redioni na magazetini, na hapo mashine haina mwalimu. Anataka sisi tusome habari za miaka iliyopita na kuzipa alama. "Jiulize, kama hizi ni hisa zako na ni hiyo siku, ungefurahi ama ungeogopa? Kumi ni furaha, sufuri ni hofu."

Walimu wastaafu kuombwa wasahihishe! Niliiona migongo ikinyooka. Eucabeth alifungua mkoba wake papo hapo, akatoa kalamu nyekundu.

Tumekubaliana kwamba uamuzi utafanywa katika mkutano mkuu wa Juni 28: ama hisa zetu zikabidhiwe programu hii, ama ziendelee kukaa zilipo.

Aprili 5

Tumeanza kazi. Chelangat yuko Keringet kumsaidia baba yake kupanda viazi, kwa hiyo tuliketi wenyewe.

"Hakuna kusahihisha bila kuwianisha," alisema Muiruri, na sote tuliitikia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kalamu nyekundu haigusi karatasi kabla wasahihishaji hawajaketi pamoja na kuelewana, ili mtoto wa Kamere na mtoto wa Kuresoi wakiandika jibu moja wapate alama moja. Muiruri alikuwa amejitayarisha barabara. Alisoma kila habari kwa sauti, akatueleza jambo hilo liliishia wapi, tukapima, tukaelewana.

"Hii ya mgomo wa wachumaji," alisema, "inaonekana mbaya, lakini hisa zilipanda mwezi uliofuata. Tusiipe chini ya sita."

Kazi safi sana. Hakuna aliyepishana na mwenzake kwa zaidi ya alama moja. Nilirudi nyumbani nikijihisi nimerudi kazini.

Aprili 9

Alama zote zimetumwa. Kalamu ya Eucabeth imekwisha wino.

Aprili 16

Chelangat ametuletea matokeo. Aliifundisha programu kwa miaka ya awali, akaificha miaka ya karibuni, kisha akaijaribu kwa miaka hiyo iliyofichwa kana kwamba inaishi siku kwa siku. Mstari wa faida uliokuwa kwenye kioo cha kompyuta ulipanda kama barabara ya Mau Summit. Kama programu hii ingekuwepo tangu wakati huo, kikundi kingemtibu kila mmoja wetu, mke au mume wake, na pengine jirani.

Muiruri alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Tumelala juu ya mali, watu wangu!"

Eucabeth aliweka kiganja juu ya goti lake na kuliangalia, jinsi mtu anavyomwangalia mgeni anayekaribia kuondoka.

Walitaka tupige kura leo leo. Nilikataa.

"Mwenyekiti anaogopa kompyuta," alisema Umaima.

"Mwenyekiti anaogopa haraka," nilijibu.

Kwa kweli sikuamini nilichokiona, na sikuwa na sababu ya kutoamini. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kubishana. Niligundua jambo moja tu: Chelangat peke yake ndiye ambaye hakuwa na furaha.

Aprili 20, Pasaka

Tulikula mbuzi. Yaani, mimi nilikula. Chelangat aligeuza nyama kwenye sahani mpaka ikapoa.

"Agui, ulipokuwa unafundisha, mtoto wa wastani akipata zote kwa mtihani mgumu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilimwita ofisini."

"Ehe. Hiyo programu yangu ni mtoto wa wastani. Lazima niiite ofisini."

Nilimwambia kwamba wenzangu wamekwisha kuiamini, na kwamba kura ya leo ingeipitisha bila kipingamizi.

"Si ndiyo maana," alisema, akaenda kufungua kompyuta.

Aprili 26

Nataka kuliandika jambo la leo kwa ukamilifu.

Kwa juma zima Chelangat aliihoji mashine yake. Aliinyima bei, ikaendelea kufaulu. Aliinyima tarehe, ikaendelea kufaulu. Alipoinyima alama zetu, ilianguka ikawa sawa na mtu anayerusha sarafu. Kwa hiyo ushindi wote ulikuwa umetoka kwetu. Alikuja kikundini akiwa na swali moja, nalo aliliuliza kwa upole, huku akimimina chai kwa zamu, wazee kwanza.

"Walimu wangu, nisaidieni. Mlikuwa mnaweka hizo maksi namna gani?"

Muiruri alifurahi kuulizwa. Alikunja mikono ya shati. "Kitaalamu kabisa, msichana wangu. Hatukusahihisha ovyo. Kila habari niliifuatilia kwanza, nikaangalia kampuni ilifanya nini baadaye, hisa zilipanda au zilishuka. Ndipo tukawianisha."

Chelangat aliliweka birika chini.

"Baadaye," alisema.

"Naam, baadaye. Utampaje mtu alama kama hujui jibu sahihi?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mimi nilielewa kabla hajaendelea, na masikio yangu yalipata moto, kwa kuwa nilikuwa nimeketi pale na kusifu kazi ile. Tuliulizwa mtu angehisi nini siku ile, bila kujua la kesho. Sisi tukaichungulia kesho, tukaiweka ndani ya alama. Mashine haikuwa imejifunza soko. Ilikuwa imejifunza kusoma majibu tuliyoyaandika pembeni mwa karatasi ya mtihani. Hata ile miaka iliyofichwa tulikuwa tumeisahihisha kwa njia ileile.

"Mwalimu," alisema Chelangat, "Juni mkitoa hisa zenu za ukweli, hakuna mtu wa kuiambia mashine kitakachotokea wiki ijayo. Ingekuwa kipofu. Ingewauzia kila kitu vibaya."

"Unasema nimedanganya?" Muiruri alikuwa amebadilika rangi.

"Hapana, Mwalimu. Nasema mlifanya kazi kwa bidii kuliko nilivyoomba. Kosa ni langu. Sikueleza, halafu nikaenda kupanda viazi."

"Nimesahihisha watoto wa nchi hii nzima! Hakuna aliyewahi kuniambia nimeharibu karatasi!"

"Muiruri, keti," alisema Umaima. "Chai yako yapoa."

Hakuketi. Alichukua kofia na kuondoka kwenye mvua ile bila mwavuli.

Eucabeth ndiye aliyeuliza tulichokuwa tukikiwaza sote. "Kwa hiyo ile faida haikuwepo?"

"Haikuwepo, mama. Naomba msamaha."

Eucabeth alitikisa kichwa polepole, kisha akauliza kama kuna habari nyingine za kusahihisha.

Naandika haya ili nisije nikasahau. Msichana huyu alikuwa na kura zote mkononi. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeweza kuligundua kosa lile, wala hakuna aliyemtuma kulitafuta. Alilitafuta mwenyewe, kwa siku nyingi, dhidi ya faida yake mwenyewe, na alipolipata alilileta mezani pamoja na chai. Lugha yake bado imevunjika kila kiungo. Lakini nimefundisha watu wengi wenye sentensi zilizonyooka ambao wasingefanya hivyo.

Mei 3

Tunaanza upya. Chelangat ameondoa majina ya kampuni na tarehe zote, akachanganya habari kama karata. Kila mmoja anasahihisha nyumbani kwake, peke yake, na ni marufuku kuulizana. Ni vigumu mno kukadiria bila kujua. Alama zetu sasa zinapishana kama watu sokoni, nami kila jioni natamani kumpigia Umaima simu. Chelangat anasema kupishana huko ndiko anakokutaka.

Muiruri hajaonekana.

Mei 8

Muiruri ametuma alama zake. Hakuandika salamu. Chelangat anasema amesahihisha habari nyingi kuliko sisi wote.

Mei 14

Kwa siku chache sasa programu iliyofundishwa upya inafanya majaribio katika soko la kweli, lakini bila hisa za kweli. Inasema ingenunua nini na kuuza nini, Chelangat anaandika, na jioni tunaona ingepata au ingepoteza.

Leo Weldon alipiga simu. Mvua ya mawe imepiga Keringet na vilima vya jirani, na majani chai yamechanika kama karatasi. Baadaye redio ilisema hivyohivyo. Wanakikundi walinipigia mmoja baada ya mwingine: iuze chai, iuze chai! Hata mimi niliingia chumbani kwa Chelangat bila kubisha hodi.

"Mashine imesemaje?"

"Imetulia, agui. Imesoma hiyo habari, ikasema tukae."

"Mawe yameanguka!"

"Yameanguka kwa mashamba ya watu wadogo. Mashamba ya kampuni yako mbali na hapo. Nafikiri imeona habari kama hii mara nyingi, bei ikikataa kusonga. Lakini sina uhakika. Tungoje."

Mei 16

Bei ya chai haikusogea. Nilikuwa tayari kuziuza hisa zote kwa sababu ya simu moja kutoka kwa mwanangu. Mashine haina mwana.

Mei 22

Programu imekosea. Ilinunua hisa za benki siku mbili kabla hazijaporomoka, ikazidi kuzing'ang'ania. Kama zingekuwa zetu, tungeumia.

Chelangat hakungoja kikao. Alimpigia kila mwanakikundi simu, mmoja mmoja, hasara ikiwa bado mbichi, akaeleza alichokiona na asichokielewa. Alimpigia hata Muiruri.

Sisi Wakipsigis tuna desturi ya kimanagan. Unampa rafiki ng'ombe wako akufugie kwenye boma lake. Maziwa ni yake, ndama ni wako. Hupeleki ng'ombe wote kwa mtu mmoja, na ng'ombe akifa, mfugaji halali na habari hiyo: hukuletea ngozi uione kwa macho yako. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kwa watu kutoka Keringet hadi Londiani. Hakuwapima kwa wingi wa ndama. Aliwapima kwa upesi wa kuleta ngozi.

Leo Chelangat ametuletea ngozi, na hakuna ng'ombe aliyekuwa amekufa.

Juni 7

Matokeo ya haki. Chelangat aliyaeleza kwa sauti ileile aliyoelezea yale ya uongo. Kwa miaka iliyofichwa, na kwa majaribio ya msimu huu, ukishaondoa ada ya dalali, programu ingetupatia zaidi kidogo ya tunachokipata kwa kukaa tu. Kidogo. Kuna miaka ambayo ingetupa hasara. Huenda Eucabeth angepata goti lake miaka miwili mapema, au asilipate kabisa.

Pendekezo lake ni hili: tumkabidhi theluthi moja tu ya hisa. Hasara ikifika kiwango tutakachokiweka sisi, mashine inajizima yenyewe. Malipo yake yatoke katika faida peke yake, na faida isipopatikana, hadai kitu.

Wale waliotaka kupiga kura mwezi wa Aprili bila kusoma sasa wamepoa. "Hii ni kazi yote hii, kwa kidogo hiki?" alisema mmoja wao.

Muiruri alikuwa amerudi, ameketi karibu na mlango. "Yule msichana ningempa daraja la kwanza," alisema, bila kumtazama. "Programu yake naipa wastani. Na mimi siweki dawa yangu kwa mwanafunzi wa wastani."

"Mwalimu, hata mimi nimeipa wastani," alijibu Chelangat.

Muiruri alitaka kuendelea kukasirika, lakini mdomo ulimsaliti kidogo.

Tulinyoosha mikono kupima upepo, si kura. Watatu wanaikubali: Umaima, Eucabeth na mwingine mmoja. Watatu wanaikataa, Muiruri mbele. Kwa katiba yetu, kura zikilingana, mwenyekiti ndiye anayeamua. Wote walinigeukia.

Ni ajabu. Programu ilipong'aa sikuitaka, na wenzangu waliitaka. Sasa imekuwa kitu cha kawaida, chenye madoa yanayoonekana, na mimi ndiye ninayeitazama kwa heshima.

Juni 11

Mvua inapungua. Viazi vya Keringet vimechanua.

Juni 18

Eucabeth alikuja nyumbani kwa bodaboda. Ilituchukua muda kumteremsha, naye aliifanya shughuli nzima kuwa mzaha na yule kijana wa pikipiki. Chai ilipokwisha, aliacha mzaha.

"Mwenyekiti, mimi nilinyoosha mkono kwa sababu magoti ni yangu. Wewe usinyooshe wako kwa sababu ya magoti yangu."

Nilimwambia mwenyekiti hawezi kujifanya hamwoni mwenzake akiumia.

"Basi niangalie vizuri. Hisa zikipotea kwa huruma yako, nitakuwa nimewala wenzangu sita. Hilo siwezi kulibeba, hata kwa magoti mapya. Amua kama unavyoamua ukiwa hunijui."

Kisha akamwita Chelangat amweleze tena jinsi mashine itakavyojizima. Walikaa kwa muda mrefu. Eucabeth aliuliza maswali magumu ambayo hatukuyauliza kikaoni, na Chelangat alipofika mahali asipokuwa na jibu, alisema hana. Nilitambua kwamba hilo ni jibu ambalo sikumfundisha. Sijui nani alimfundisha.

Juni 23

Niliota nasahihisha. Sikuona karatasi ya nani.

Juni 27

Mkutano ni kesho, saa nne, kule Kaptembwo. Sikuombwa na mtu kuandika hotuba, na sitaiandika.

Nimejaribu kutenganisha mambo mawili. Chelangat ninamwamini. Ningekuwa na ng'ombe leo, ningempelekea kabla ya jua kutua. Lakini kesho sipigii kura tabia ya mjukuu wangu. Napigia kura mashine ya wastani, katika soko lisilomjua mtu, kwa mali ya watu saba wanaozeeka. Mtu mwaminifu anaweza kutengeneza kitu kinachoshindwa. Tena nikimkatalia, je, nitakuwa nimemwambia kwamba angalinyamaza mwezi wa Aprili, angalishinda? Hilo ndilo linaloniuma zaidi, na Eucabeth hakulitaja.

Jioni hii nilimuuliza Chelangat atafanya nini kura ikienda kinyume chake.

"Nitaendelea kuifundisha, agui. Itakuwa bora mwaka ujao. Kama bado nitakuwa hapa Nakuru."

"Na ikienda upande wako?"

"Nitaogopa. Mnanipa hospitali yenu."

Ningaliridhika zaidi kama angalisema atafurahi. Lakini pengine nilimuuliza ili niisikie hofu hiyo.

Wenzangu sita wamekwisha kusimama mahali pao, watatu huku na watatu kule, na hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kunishawishi, heshima ambayo sikuitarajia. Kesho nitasubiri mikono yao ihesabiwe, kisha nitanyoosha wangu, au nitauacha mapajani. Nikirudi, kabla ya kuvua kofia, nitaketi hapa na kuandika ni lipi kati ya hayo mawili nililolifanya, na nililifanya kwa ajili ya nani.